Salamu za Majilio kutoka Unguja: hebu tunyamaze kidogo

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu, hamjambo huko mliko? Wa Pemba, wa Dar, wa bara yote na walioko nje, nakusalimuni nyote kwa msimu huu wa Majilio, zile wiki za kujiandaa kwa Krismasi. Huku kwetu vuli inamalizikia, maembe yamejaa mjini mpaka wauzaji wenyewe wamechoka, kaskazi ishaanza kuvuma, na kwaya nazo zishaanza nyimbo za Krismasi kana kwamba mtoto kazaliwa jana. Mishumaa ya zambarau tunaiwasha mmoja mmoja kila Jumapili, ule wa pinki unangoja Jumapili yake ya tatu.

Sasa kila mwaka ikifika Majilio tunaambiwa tusikilize sauti ya Mungu, na kila mwaka nasikia watu wanajibu utamsikia saa ngapi mji wenyewe huu, bodaboda huku, jenereta kule, taarabu ya harusi mpaka usiku wa manane, adhana na kengele zinapokezana. Mie siamini kama tatizo ni makelele ya nje. Mnaona mzee Zakaria kwenye Luka sura ya kwanza, yule alikuwa hekaluni, kura imemwangukia yeye aingie kufukiza uvumba, watu wako nje wanasali, pahala patulivu kuliko pote na ndo kazi yake, malaika Gabrieli kasimama mbele yake anamwambia mkeo atazaa, na bado hajasikia! Kabisha. Ati mimi mzee, na mke wangu naye mzee. Basi akafungwa mdomo, akatoka nje anaashiria kwa mikono mpaka mtoto akazaliwa, ikafika siku ya nane ya kumpa jina, akaomba kibao akaandika jina lake ni Yohana, ndo ulimi ukafunguka.

Mie naona pale ndo Majilio yalipoanzia, kwa kuhani aliyenyamazishwa. Tena hebu fikirini nyumba ile ilivokuwa, Mariamu kaja kukaa na Elisabeti mke wa Zakaria kama miezi mitatu hivi, mwenye nyumba bubu, wanawake wawili wajawazito ndo wanaosema na ndo wanaotabiri, na mzee wa dini kakaa pembeni hana la kuchangia. Na siku alofunguka mdomo hakuanza kujitetea wala kuhadithia yalomkuta, alianza kumsifu Mungu, na maneno yale ndo mpaka leo yanasomwa kwenye sala za asubuhi, Atukuzwe Bwana Mungu wa Israeli. Bila ule ububu sijui kama tungeyapata.

Halafu kuna Yusufu, mume wa Mariamu. Huyu nampenda sana kwa sababu hakuna hata neno moja alosema limeandikwa kwenye Injili. Yeye anaota, anaamka, anafanya. Kaambiwa mchukue Mariamu kamchukua, kaambiwa kimbilia Misri kaondoka usiku uleule.

Na sisi wa visiwani hadithi hii hatuko nayo peke yetu. Majirani zetu Waislamu wanaijua, ipo Sura ya Maryam, Nabii Zakariya kaomba ishara akapewa asiseme na watu siku tatu ilhali mzima wa afya, akatoka mihrabuni akawaashiria watu wamsabihi Mola asubuhi na jioni. Na Bi Maryam mwenyewe kaambiwa awaambie watu kuwa kaweka nadhiri ya kufunga, leo hasemi na mtu. Najua zinahadithiwa tofauti, kwa Luka ule ububu ni kwa sababu hakuamini, huku ni ishara aloiomba mwenyewe, wala sitaki kuzichanganya. Lakini nnapowaona wao Ramadhani wanavojizuia na chakula na maneno ya ovyo nasema sisi wenye Majilio tunaona haya gani kufunga japo mdomo?

Mana tukisema ukweli sala zetu nyingi ni voisi za WhatsApp, tunamtumia Mungu moja baada ya moja, ada za skuli, kiwanja, mume, visa, halafu zake hatufungui kusikiliza. Kanisa lenyewe msimu huu linapunguza, ule wimbo wa Utukufu kwa Mungu juu Jumapili zote nne hauimbwi, unasubiri mkesha wa Krismasi. Wengine wanaona ni utaratibu tu wa padri. Mie nahisi tunafundishwa kubaki na njaa ya kuimba.

Ukipata nafasi ingia kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, hapa mjini Unguja, siku ya kazi, sio Jumapili, ukae tu. Pale palikuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwezi wa sita mwaka 1873 na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Askofu Steere, yule alofanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, kazikwa nyuma ya altare. Nikikaa pale nakumbuka kitabu cha Kutoka sura ya tatu, Mungu anamwambia Musa nimesikia kilio chao. Yani aloanza kusikiliza ni Yeye. Watu pale waliitwa bei, sauti zao hakuna alozitaka, na sisi tunakuja kuuliza mbona Mungu hasemi. Nje wageni wanapiga picha ile sanamu ya watumwa na mnyororo wao, kelele tele, wala hazinisumbui.

Kuna atakaeniuliza ntajuaje kuwa nilichosikia ni Mungu sio mawazo yangu. Suali zuri, hata kijana Samweli aliitwa akamkimbilia mzee Eli mara tatu kabla hajaelewa, kwa hiyo uwe na mtu mzima wa kumuuliza. Lakini mie naangalia pia Luka sura ya tatu, watu wanamuuliza Yohana, yuleyule mtoto wa Zakaria keshakuwa mtu mzima, basi tufanye nini, na majibu yake hayana mafumbo hata kidogo, mwenye kanzu mbili ampe asiekuwa nayo, mtoza ushuru asizidishe, askari asimuonee mtu na atosheke na mshahara wake. Mafundi cherehani na wenye daladala nao wajisomee, hasa wiki hizi za sikukuu, sitaji mtu!

Basi ndugu zangu, Majilio mema. Mlioko Pemba salamu kwa wote wa Chake na Wete, na waloanika karafuu Mungu awape jua la kutosha. Wanaovuka kwenda kwao bara, boti hujaa mapema, msije mkasema sikukwambieni. Majirani zetu, pilau la tarehe 25 liko palepale, mbuzi anachinjwa na nyie wenyewe kama kawaida, waleteni watoto. Na watu wa kwaya, besi nakusudia, mazoezi ni Alhamisi baada ya kazi na mkichelewa tena tunaanza bila nyie.