Mafuta ya Chongoleani hayatashusha petroli, tuangalie betri

Ndugu Mhariri,

Vijiweni hapa Tanga wengi wanaamini petroli itashuka bei siku meli ya kwanza itakapopakia mafuta Chongoleani. Bomba la mafuta linalotoka Uganda haliwezi kufanya hivyo. Yatakayofika mwisho wa kilomita 1,443 kutoka Hoima ni mafuta ghafi yenye nta nyingi, ambayo yasipopashwa moto njiani kufikia nyuzi 50 huganda ndani ya bomba. Hapa hakuna kiwanda cha kuyasafisha. Yatapanda meli yaende zake, na petroli yetu itaendelea kushushwa bandarini ikitoka nje kwa dola, bei yake ikitangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Wala si mafuta ya milele. Yanayoweza kuchimbwa Ziwa Albert yanakadiriwa kuwa mapipa bilioni 1.4, na bomba lina uwezo wa hadi mapipa 246,000 kwa siku. Ukigawanya unapata miaka 16 hivi. Dunia nzima humaliza kiasi hicho kwa wiki mbili.

Kwa hiyo dereva anayefikiria pikipiki ya umeme anafikiria vizuri. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 45 kwa lita hula lita 2.2 kwa kilomita 100. Ya umeme hula kama uniti 3.5, na kwa kuwa chaja nayo hupoteza umeme, weka 4. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, takriban shilingi 356 kwa uniti, ni shilingi 1,400 na ushee; haifiki hata bei ya lita moja ya petroli. Ila anayenunua LUKU kwa bei ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba akienda kilomita 100 kwa siku, uniti 4 kila siku ni 120 kwa mwezi. Atahamishwa bei, na taa na friji vitalipia pia.

Hasara kubwa iko kwenye betri. Chombo kinauzwa kwa rangi na spidi, mnunuzi haulizi kilichomo chini ya kiti. Betri sita za asidi za volti 12 zikifungwa mfululizo zinatoa volti 72, bei yake inavutia, lakini zikikamuliwa hadi mwisho kila siku huchoka ndani ya mwaka hivi. Ikifa moja inavuta zote. Kuijua ni rahisi: chombo kikiwa kinavuta mzigo, pima kila betri peke yake, inayoanguka chini ya volti 10.5 mapema kuliko wenzake ndiyo mbovu.

Lithiamu hudumu zaidi, ila nayo ina mtego. Maandishi "72V" hayatoshi. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma yenye seli 24 hujaa kwenye volti 87.6, ya nikeli yenye seli 20 hujaa kwenye 84. Chaja ya betri ya kwanza ikichomekwa kwenye betri ya pili, kinachozuia moto ni saketi ya ulinzi peke yake, na zile za bei ya chini si za kutegemea. Chaja za kuazimana kijiweni ziachwe kabisa.

Ukirudi na abiria kutoka Muheza mchana, acha betri ipoe nusu saa kabla ya kuchaji. Soketi iwe na waya wake wa milimita za mraba 2.5 na breka yake ya kukata umeme, isiungwe kwenye waya wa taa. Na sisi wa pwani tuna chumvi: pini za plagi hushika kutu ya kijani, mguso unalegea, plagi inapata moto hadi plastiki inayeyuka. Ukiigusa ikiwa ya moto, usiendelee kuchaji. Safisha pini au badilisha plagi.

Tunaiomba Halmashauri ya Jiji itenge sehemu za kuchajia zenye mita yake stendi ya Kange na Ngamiani, na wauzaji watakiwe kubandika kwenye kila chombo aina ya betri, idadi ya seli, volti ikijaa na ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Ziwepo pia sehemu za kupokea betri zilizokufa. Sasa hivi wanaotafuta madini ya risasi yaliyomo huzipasua na kumwaga asidi mtaroni, na mitaro yetu inaishia baharini.

Fundi umeme wa pikipiki na bajaji,
Ngamiani, Tanga