Herufi nene za mapambo si za kuandikia namba ya simu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa kooni. Bintiangu aolewa mwezi huu inshallah, tukapeleka kazi ya kadi kwa kijana mmoja wa printi hapa mjini, kadi zikaja zimependeza wallahi, jina la bi harusi kwa zile herufi nene nene zenye vimkia vya kujikunja, dhahabu juu ya maruni, hapo sina neno. Lakini huyu bwana hakuishia kwa jina, kaenda na fonti ile ile mpaka chini kabisa, mahali, saa, namba ya simu, vyote vidogo kama chungu. Matundu ya a na e yameziba wino, 3 na 8 zimekuwa mapacha. Sasa kuna mama wa watu kule Likoni, hatumjui hatujui, apigiwa simu kutwa na jamaa zetu waulizia pilau.

Mie nimechora mabango ya maduka miaka mingi, Mwembe Tayari, Majengo, kabla hizi kompyuta hazijaja. Herufi nene twapiga laini kwa uzi wa chaki, twachora, kisha wavuka barabara wasimama ng'ambo watizama. Ukiona tundu la B limejaa, warudi na brashi ulitanue. Yaani ni herufi ya kutizamwa toka mbali, tangu asili yake. Huko London mwanzoni mwa miaka ya 1800 zilitokea kwa ajili ya mabango ya ukutani, matangazo ya bahati nasibu, kila mtu ataka lake lionekane kushinda la mwenziwe. Na ile fonti nene ya Cooper Black wanayoipenda vijana, Oswald Cooper aliitoa Chicago mwaka 1922 na kazi yake ilikuwa matangazo. Haina ncha hata moja, kila pembe imevimba kama hamri, ndio maana ikikaa kwa kibao cha juisi ama nyuma ya tuktuk yapendeza, hata mie naipenda.

Zamani za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi kila saizi yachongwa peke yake, ile ndogo yaachiwa matundu mapana ili wino usizibe. Siku hizi kijana avuta pembe na mausi tu, umbo la bango laingia kwa kadi vivyo hivyo, mistari myembamba yatoweka, minene yagandana, halafu ati dizaini.

Hebu nendeni Biashara Street mtizame leso. Maua na mapambo kila pahali, lakini lile jina la leso, yaani msemo wake, laandikwa kwa herufi kubwa za wazi, hazina mikia wala mbwembwe, mwanamke apita zake na maneno yashakufikia.

Nilimrudia yule kijana, nikamwambia jina liache nene, hayo mengine yote nipe herufi za kawaida. Akanambia mzee hiyo ndio inatrendi, na kuprinti upya ni pesa nyingine. Sikumpa. Nimekaa barazani na kalamu nyeupe nikaandika namba kwa mkono, kadi zote 200, vidole vyaniuma hadi leo.

Mchora mabango mstaafu,
Mombasa