Barua kwa mwanangu: nyota ya pembe 25

Zittau, Ujerumani, Jumapili 9 Novemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Kwanza mpe bibi shikamoo yangu, na umvalishe zile soksi za sufu zilizo juu kabisa kwenye boksi. Chini yake utakuta bahasha kubwa ya bapa. Ifungue taratibu. Mna karatasi ngumu nyeupe na nyekundu, zimekunjwa. Ni nyota, ila bado haijaundwa. Utaiunda wewe.

Jumapili iliyopita uliniuliza kwenye simu, "Mama, Krismasi ya huko ni nzuri kuliko ya kwetu, ndiyo maana hurudi?" Kisha ukampa bibi simu. Nimezunguka na swali hilo wiki nzima, zamu zote za usiku. Naona nikujibu kwa maandishi, maana kwa simu ningelia na bando lingeisha bila jibu.

Picha niliyokutumia, ile ya mti mkubwa wenye taa, ni ya kweli. Ila Krismasi yangu ya kwanza hapa sikukusimulia. Ujerumani sikukuu yenyewe ni jioni ya tarehe 24. Siku hiyo maduka hufungwa mapema mchana, na tarehe 25 na 26 zote ni mapumziko. Mimi nilikuwa sijui. Nilitoka zamu ya asubuhi, nikajilaza kidogo, saa kumi nikashuka kwenda kununua kuku. Giza lilikuwa limeanza kuingia na barabara nzima haina mtu. Nikawaza kwetu Tukuyu saa ile: mabasi ya kutoka Dar yanashusha watu na mizigo, watoto wanazunguka na nguo mpya ambazo mama zao wamewakataza kuvaa kabla ya kesho, bibi anamenya ndizi. Nilirudi ndani nikala mkate na chai. Mlango sikuufunga kwa ufunguo, maana kwetu siku kama hiyo lazima mtu apite. Hakupita mtu.

Usiku ule niliamini kwamba watu wa hapa hawana upendo. Nilikosea, na nataka ujue kwamba nilikosea. Asubuhi ya tarehe 25 nilikuta mfuko umetundikwa kwenye kitasa changu, una biskuti za kuokwa nyumbani, nyingine zina umbo la mwezi, nyingine la moyo. Jirani yangu wa ghorofa ya juu aliutundika bila kugonga, asinisumbue. Hivyo ndivyo walivyo. Krismasi yao hukaa ndani ya nyumba, na nje huonekana dirishani tu. Karibu kila dirisha la mkoa huu wa Saxony huwekwa tao la mbao lenye taa. Desturi hiyo ilitoka kwa wachimba madini wa milimani, watu ambao majira ya baridi waliingia shimoni kabla jua halijatoka na kurudi nyumbani likiwa limeshazama. Fikiria kuishi wiki nzima bila kuliona jua. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini watu hawa wanapenda taa kiasi hiki.

Mwaka jana nilipangiwa zamu ya jioni tarehe 24, huku kwenye nyumba ya wazee. Tuliwapa viazi vya kuchemsha vilivyochanganywa na mayonezi, pamoja na soseji. Ndicho chakula cha jioni hiyo kwa familia nyingi hapa, hata zenye uwezo. Bata bukini huja kesho yake. Katika chumba cha bibi mmoja kulikuwa na nyota kama hii yako inaning'inia juu ya meza, inawaka nyekundu na nyeupe. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania, kusini, karibu na Rungwe. "Rungwe!" akasema, na akalitamka sawasawa kabisa. Jina hilo alikuwa akilisikia kanisani kwao tangu mtoto. Yeye ni Mmoravian kama sisi, mwanangu, kazaliwa Herrnhut.

Herrnhut uliisikia darasa la kipaimara la dada yako, ukauliza kama ni jina la mtu. Ni mji mdogo, kutoka kwangu unafika kwa basi. Ulianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, kwenye ardhi waliyopewa na Zinzendorf, bwana mkubwa mwenye eneo hilo. Nilikwenda Januari. Kanisa lao ndani ni jeupe tupu, hata mabenchi. Makaburini karibu mawe yote yamelazwa chini, yanafanana, tajiri hakuzidi maskini. Nilisimama pale nikakumbuka kwamba wamisionari waliotumwa kutoka mji huu ndio waliofika kwetu mwaka 1891 na kujenga misheni ya Rungwe.

Na nyota hizi hutengenezwa humo humo. Nimewaona kwa macho yangu wakibandika karatasi kwa mkono, pembe moja moja. Ilianza mapema katika karne ya 19, kwenye shule za bweni za Wamoravian wa eneo hili, kama zoezi la hesabu: wanafunzi wajifunze maumbo kwa kuyakunja. Ikawa desturi kuiunda Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipokaa kwenye benchi nikashindwa kuinuka. Wengi wa wanafunzi wale walikuwa watoto wa wamisionari. Wazazi wao walikuwa Greenland, Surinam, Afrika Kusini, na baadaye Rungwe. Watoto walirudishwa Ujerumani kusoma wakiwa bado wadogo, na mzazi angeweza kumaliza miaka mingi bila kumwona mwanawe. Barua ilikaa baharini wiki na wiki. Krismasi ikikaribia, wale watoto waliketi bwenini wakiunda nyota.

Kwa hiyo mwaka fulani palikuwa na mama mmoja huko Rungwe, kwenye mvua ile ile unayoijua, anamuwaza mtoto wake aliye huku. Leo mimi niko huku, na mtoto yuko Rungwe.

Wale watoto hakuna aliyewauliza kama wanataka kuachwa. Na wewe sikukuuliza. Ulikuwa na miaka tisa, umelala, na niliondoka alfajiri bila kukuamsha kwa sababu niliogopa kwamba ukiamka sitaondoka. Bibi aliniambia nikuamshe. Mimi ndiye niliyekataa, basi usimkasirikie yeye. Nakuomba radhi, mama yangu.

Jibu la swali lako ni hili. Krismasi ya hapa ina uzuri wake, nimeuona na ninauheshimu. Sirudi kwa sababu ya mafunzo ya uuguzi, ambayo yanakwisha mwakani, Agosti. Kila mwezi naweka euro 60 kwenye bahasha iliyoandikwa jina lako, na bahasha hiyo ni ya tiketi. Tarehe sijui bado. Nikiijua, utaambiwa wewe kabla ya bibi.

Haya, nyota. Tenganisha pembe kwanza: 17 zina kitako cha pande nne, na 8 zina kitako cha pande tatu. Usizichanganye, utaanza upya, mimi nilianza upya mara mbili. Zinashikana kwa vibanio vidogo vya shaba vilivyo kwenye kimfuko. Ukipoteza kimoja, mwombe fundi redio wa sokoni waya mwembamba. Plagi ya huku ina miguu miwili ya duara, nimekuwekea adapta. Umeme ukikatika, uiache tu. Usithubutu kuweka mshumaa ndani, ni karatasi hiyo. Na usiitundike barazani, mvua itaiharibu. Itundike dirishani sebuleni, pale ambapo mtu anayepanda kutoka barabarani ataiona.

Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka huu ni tarehe 30 Novemba. Iwashe saa moja na nusu jioni. Hapa itakuwa saa kumi na moja na nusu, na kutakuwa giza kama huko. Ya kwangu nimeshainunua, nitaiwasha dakika hiyo hiyo. Usinipigie kwanza. Iwashe, umwite bibi, mkae kidogo, ndipo unipigie uniambie imeonekanaje.

Mama yako