Kemia wasiisome kwa macho tu, washike bureti

Mhariri, shikamoo. Naomba nafasi kidogo, mimi ni wa Makorora hapa Tanga, nasoma kemia chuo kikuu mwaka wa tatu, kuna jambo linaniuma sana.

Sekondari nimemaliza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na ufaulu mzuri tu, ila bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini, nimeishika mara chache mno tena wiki za mwisho kabla ya mtihani wa taifa, bureti moja watu nane, mmoja anafungua koki wengine tunanakili namba zake. Nafika chuo napewa titresheni, yaani kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine mpaka rangi ibadilike, nafungua koki chupa yote inakolea pinki wakati inatakiwa pinki hafifu, ile ya tone moja la mwisho. Nimerudia mara nne wenzangu wameshaondoka. Siku ile nililia, maana mole (kipimo cha kiasi cha kemikali) na milinganyo yote naijua kichwani lakini mkono haujui.

Wanaoniuliza kila siku kemia utafanyia kazi wapi, jamani kuna Mkemia Mkuu wa Serikali, TBS (Shirika la Viwango), viwanda, na ualimu nao ni kazi.

Mimi naongelea wadogo zetu. Najua maabara ni hela, mizani na asidi kali havipatikani bure. Ila sisi Tanga tumekalia mawe ya chokaa! Mapango ya Amboni yenyewe ni maji ya mvua yenye kaboni daioksaidi yamelila hilo jiwe taratibu miaka na miaka, na saruji ya Pongwe inaanzia kwenye jiwe hilohilo, linachomwa na udongo kwenye tanuri mpaka kama nyuzi 1450. Mwalimu wa kidato cha pili asage jiwe kidogo akamulie ndimu, litatoa povu, ile gesi aipitishe kwa mrija kwenye maji ya chokaa yaliyochujwa watoto waone yanavogeuka meupe kama maziwa. Au achemshe choya, yale maua mekundu ya rozela, nusu atie ndimu iwe nyekundu zaidi, nusu atie magadi igeuke kijanikijani, hapo asidi na besi mtoto hasahau tena. Na bureti zilizopo zitolewe kabatini kuanzia kidato cha kwanza hata kwa maji matupu wajifunze kudondosha tone.

Likizo hii nipo nyumbani mpaka chuo kifungue, mwalimu yeyote wa Tanga mjini akiniita nakuja na mawe na choya yangu, sitaki hata nauli.

Mwanafunzi wa kemia,
Makorora, Tanga