Honda 50 yenye injini ya 125: niweke sproketi ya meno mangapi?

Shikamoo fundi,

Nina Honda C50 ya zamani, nimeinunua kwa bwana shamba mmoja mstaafu hapa Lushoto. Injini yake ya cc 49 ilikuwa imekwisha kabisa, na vipuri vyake siku hizi unatafuta kwa tochi. Nikafungiwa ya Kichina ya cc 125, ile ya silinda ya kulala, gia nne, isiyo na klachi ya mkono. Matundu ya bolti yalikubali bila kuchomelea chochote. Kasheshe iko kwenye sproketi, zile gia za meno zinazovuta cheni.

Bado natumia zile zile za C50: mbele meno 13, nyuma 41. Injini ndogo ile ilikuwa haina nguvu mpaka izunguke sana, ndiyo maana ilipewa gia fupi. Kwa hii mpya ni kero tupu. Namba moja inaisha sijatoka getini, kwa hiyo naondokea namba mbili. Huko chini, barabara ya Mombo kwenda Korogwe, nikifika 60 injini inalia na vioo vinatetemeka hadi sijui nyuma yangu kuna basi au Fuso.

Injini ilikuja ikiwa imetumika, ikafunguliwa yote kwanza, nikapata nafasi ya kuhesabu meno ya gia za ndani: upande wa klachi 18 kwa 67, gia ya nne 24 kwa 23. Kwa tairi ya 2.50-17 napata mizunguko kama 6,400 kwa dakika kwenye kilomita 60. Nikiweka 15 mbele na kuacha 41 nyuma, inashuka hadi 5,550 hivi. Nikiweka 15 kwa 36, ni kama 4,900. (Spidi mita inasoma tairi ya mbele, kwa hiyo kubadili sproketi hakutaifanya idanganye.)

Fundi wa Mombo anasema 15 kwa 36, nisijadili. Wa Lushoto anasema niongeze jino moja tu mbele, basi. Naona kila mmoja anaitetea barabara ya mlangoni kwake.

Mwendo wa kasi siutaki. Kinachonipa mawazo ni kushuka. Nateremsha tenga la matunda damu hadi Mombo, kona juu ya kona, zaidi ya kilomita 30. Sasa hivi nikiwa namba mbili injini yenyewe inaishika pikipiki, breki naigusa kidogo tu, na breki zenyewe ni za dramu, zilizotengenezwa kwa cc 49. Kwa 15 na 36, namba mbili itakuwa karibu sawa na namba tatu ya leo. Pale juu ya Soni, tenga likinisukuma mgongoni, niingize namba moja?

Kupanda narudi na abiria, pengine na mfuko wa mbolea. Klachi hii inajishika yenyewe kwa mzunguko. Naogopa gia zikirefuka itakuwa inateleza muda mrefu kila ninapoondoka mlimani, mwisho iungue.

Halafu kuna nafasi. Nilijaribisha sproketi ya 15 kwa kuzungusha tairi kwa mkono: cheni inapapasa ukingo wa kava ya cheni, imeshachora mstari unaong'aa kwenye bati. Cheni yangu ni 420, lakini madukani hapa zimejaa 428 za bodaboda. Urefu wa pingili ni ule ule, ila 420 ni nyembamba, haikai kwenye meno ya 428. Nikihamia 428 mbele na nyuma nitapata saizi nyingi za kuchagua, lakini cheni pana si itakula kava zaidi?

Kwa hiyo fundi, naomba unisaidie: 14 kwa 41, 15 kwa 41, au nimsikilize wa Mombo? Na kama ni 15, kava niikate ukingo au niitoe kabisa, wakati vumbi la huku unalijua?

Msomaji wako,
Lushoto, Tanga