Mpwa wangu, kabla hujayatuma mate yako ng'ambo

Mpwa wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja: jina la ukoo unaloandikwa nalo limetoka wapi, na kama kile kipimo cha vinasaba (DNA) cha kutema mate unachotaka kumwagiza rafiki yako aliyeko Marekani kitakuonyesha lilikotoka. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wa Newala, Masasi na Lindi walioko mijini wananiuliza hayo hayo. Jina lenyewe silitaji hapa. Ni la baba yako na ndugu zake, nami sijawaomba ruhusa.

Nianze na jina, maana habari yake ni fupi. Hilo mnaloliita la ukoo ni jina la mtu mmoja, babu wa baba yako, na wala si alilopewa siku aliyozaliwa. Alilipata jandoni. Kwetu Wamakonde, kijana akitoka jandoni huacha jina la utoto huko huko porini, akarudi na jingine, na kumwita tena kwa lile la zamani ni kumvunjia heshima. Mzee yule akaenda na jina lake la ukubwani mpaka Tanga kukata mkonge, enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba, likaandikwa kwenye kipande chake, yaani kadi yake ya kazi. Mwanawe alipopelekwa shule, mwalimu akauliza huyu ni wa nani, akajibiwa, akaandika. Jina la mtu likawa jina la watu kwa namna hiyo. Kabla yake hapakuwa na ukoo wowote ulioitwa hivyo, si Newala, si ng'ambo ya Ruvuma, si Uarabuni.

Uarabuni nakutaja kwa makusudi, kwa sababu nimeona kwenye kundi lenu la WhatsApp binamu zako wameshakubaliana kwamba jina ni la Oman. Hoja yao ni kwamba linafanana kwa sauti na jina moja la huko. Kufanana kwa sauti si ushahidi, hasa kwa jina lililopita mikononi mwa makarani. Kimakonde kina N mbili zinazotamkwa kwa pamoja mwanzoni mwa neno, na karani aliyezoea Kiswahili cha pwani akaandika M. Ndiyo sababu ninyi mna M na baba yako mdogo ana Nn, na ndiyo herufi iliyowachelewesha kwenye mirathi ya ile mikorosho. Sasa watu wanaulinganisha mwandiko wa karani na majina ya Muscat.

Njoo kwenye vinasaba. Mtu ana jozi 23 za kromosomu, nusu ya kila jozi kwa mama, nusu kwa baba. Ukipanda ngazi tatu juu yako utawakuta watu wanane: mababu na mabibi wa wazazi wako. Yule mwenye jina ni mmoja wao. Kwa wastani amekuachia asilimia 12.5 ya ulichonacho mwilini. Asilimia 87.5 imetoka kwa wale saba wengine, na jina halisemi neno lolote juu yao. Ukipanda ngazi moja zaidi wanakuwa 16, na jina bado linamfuata mmoja tu.

Kuna kipande kimoja cha vinasaba kinachotembea njia moja na jina la baba, nacho ni kromosomu Y. Hiyo hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume peke yake. Wewe ni binti, huna, mwanangu. Ukitaka kuijua itabidi apime kaka yako au baba yako. Hata wakipima, usitegemee waambiwe kijiji. Wanaume wengi wanaozungumza lugha za Kibantu, kuanzia Kameruni mpaka Afrika Kusini, wako katika kundi linaloitwa E-M2, lililosambaa pamoja na wakulima walioanza kutoka upande wa mpaka wa Nigeria na Kameruni miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita. Jibu la namna hiyo ni la kweli, ila ni kubwa mno. Halimtofautishi Mmakonde wa Kitangari na Mzulu wa Durban.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapotaka ukae. Mimi na wewe hatufanani hata herufi moja kwenye jina la ukoo la vitambulisho vyetu. Wewe unalo la baba yako, mimi ninalo la babu yako. Lakini litawa letu, yaani ukoo wetu wa Kimakonde, ni moja. Litawa hupitia kwa mama: bibi yako alilipata kwa mama yake, akatupa mimi na mama yako, na mama yako akakupa wewe. Wanangu mwenyewe hawana litawa langu, wana la mama yao. Kwa hiyo mjomba ndiye anayeitwa penye posa, penye ugomvi, penye msiba, na kwa hiyo Mmakonde haoi ndani ya litawa lake hata kama majina ya kwenye karatasi hayafanani kabisa. Majirani zetu Wamakua wana ukoo wao wanaouita nihimo, nao hushuka kwa mama vile vile. Hata simulizi yetu ya mwanzo, ya mtu aliyekaa peke yake porini akachonga mti na asubuhi akakuta kinyago kimekuwa mwanamke hai, uzao wake unaanzia kwa mwanamke huyo. Watoto walikufa bondeni karibu na maji, wakaishi walipopandishwa juu uwandani. Ukiuliza kwa nini wazee wetu walikaa Newala juu ambako kina mama walishuka genge zima kutafuta maji, hilo ndilo jibu la mabibi.

Na mwilini kuna kitu kinachopita njia hiyo hiyo ya litawa. Ni vinasaba vya mitokondria, sehemu ndogo ndani ya seli inayoshughulika na nguvu za mwili. Mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, ila wa kike peke yao ndio wanaoendelea kuvirithisha. Mimi ninavyo, na kwangu vinaishia. Wewe ukizaa vitaendelea. Tukipima leo mjomba na mpwa, mstari huo utatoka mmoja. Mabibi zetu walihesabu nasaba kwa njia ambayo maabara nayo inaifuata, na mwaka ule mwalimu alipoandika jina la baba kwenye daftari, hesabu hiyo ilianza kusahaulika.

Utaniambia pwani ni tofauti. Soma basi utafiti uliotoka mwaka 2023 katika jarida la Nature, ambao mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na mtaalamu wa vinasaba David Reich walikuwa miongoni mwa waliouongoza. Walichunguza mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, baadhi yao Kilwa na Songo Mnara, hapa hapa mkoani Lindi. Kwa wengi wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka Afrika, na hasa kwa wanawake. Upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Uarabu uliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500 hivi. Wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakutunga, lakini simulizi na majina yao yalimfuata baba, na mabibi zao wa Kiafrika hawakuandikwa popote mpaka mifupa iliposema.

Kuna jambo zito ambalo lazima nikwambie mwenyewe kabla hujalisoma kwenye karatasi ya matokeo. Njia ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilipita huku kwetu kwenda Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Askofu Edward Steere alipofika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa kutoka Unguja, wengi wao walikuwa wametokea bara hii hii ya Nyasa na Ruvuma, na mwaka 1882 Wangoni wakaivamia Masasi, wakateka tena. Katika jamii zinazohesabu kwa mama, mwanamke aliyetekwa alitafutwa sana awe mke, kwa kuwa hakuwa na kaka wa kuja kudai watoto. Watoto walibaki kwa mume. Polepole wakaingizwa katika litawa la wenyeji, wakapewa heshima na mahali pa kuzikwa, na jambo likafungwa mdomo. Inawezekana bibi wa namna hiyo yumo kwenye mstari wetu. Hapo mitokondria itakwenda upande mmoja na litawa upande mwingine. Ukimkuta, usimtangaze kwenye kundi la WhatsApp na usimwonee aibu. Ametuzaa.

Kuhusu asilimia za nchi utakazopewa, zipokee kwa uangalifu. Kampuni hizo hukulinganisha na sampuli walizonazo, na za kusini mwa Tanzania ni chache. Ukiambiwa wewe ni wa Msumbiji, usishtuke. Ruvuma iligeuzwa mpaka na Wajerumani na Wareno mwaka 1886 wakiwa Ulaya, na watu wetu waliendelea kuvuka kwenda kulima, kuoa na kuzika, na wengine wakavuka wakikimbia vita vya ukombozi vya kuanzia 1964.

Tena mate yako si yako peke yako. Nusu ya taarifa hiyo ni ya mama yako na nusu ni ya baba yako, na vipimo hivi vimeshafichua kwa watu wengi mzazi asiye mzazi. Hapa kwetu kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na kipimo cha uzazi hupitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi rasmi. Waliotunga sheria hiyo walijua jibu la maabara linaweza kuvunja nyumba. Zungumza na wazazi wako kwanza. Kama mmoja wao hataki, nakuomba uache.

Lakini kipimo kinaweza kusubiri miaka kumi, mate hayaozi mdomoni mwa aliye hai. Dada wa bibi yako ndiye pekee aliyebaki anayejua matawa yetu ya pande zote nne, na macho yake yameshafunga. Njoo kabla korosho hazijaanza kuanguka, maana msimu ukiingia hakuna mtu nyumbani. Anza kumuuliza litawa la mama yake, ndipo umuulize la baba yake, halafu walitoka kilima kipi na nani aliwatangulia. Usimkatishe akianza kuimba, kuna majina yamo ndani ya nyimbo za unyago na hayasemwi nje ya hapo. Nyingine ataziimba nikiwa nimetoka, kwa kuwa si za wanaume, na hizo utazishika wewe. Mrekodi kama atakubali, na uandike kwa mkono pia. Kwa upande wa jina la baba yako nimeshazungumza na mzee mmoja wa Mahuta aliyeingia jando moja na mtoto wa yule mwenye jina; atakupokea.

Nimemwambia bibi utakuja. Ameuliza kama unakula ming'oko, nikamjibu unakula. Wasalimie wote wa Mbagala.

Mjomba wako,
Newala