Barua kwa mwalimu mwenzangu kuhusu upimaji wa Darasa la Pili

Tarime, Mara

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipata na kuisoma kwa makini, na kwa kuwa umenieleza kwamba umekabidhiwa Darasa la Pili, na kwamba unahofia upimaji wa kusoma na kuandika, nimeona nikujibu kwa kirefu juu ya jambo hilo.

Kwanza nakusihi usiyamalize majuma yaliyobaki kwa kuwarudishia watoto karatasi za miaka iliyopita. Watoto wa umri ule hukariri upesi mno. Hadithi ikisomwa ubaoni kwa pamoja mara chache tu, wengi wataitamka yote bila kuutazama ubao, na mwalimu ataridhika kwamba darasa linasoma. Ukitaka kuujua ukweli, mwite mtoto mmoja mmoja, mwonyeshe neno lililo katikati ya mstari wa mwisho, kisha umwombe alisome hilo peke yake.

Ukishafanya hivyo, wapange kwa hatua waliyofikia. Watu wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajifunza kweli, ambao hapa Tanzania walianza mwaka 2010 kupita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kwa kiwango cha Darasa la Pili, walitumia ngazi ambazo hata mwalimu mwenye darasa lililofurika anazimudu: silabi, neno, aya, hadithi. Walikuta wapo watoto waliofika Darasa la Saba bila kuweza kusoma hadithi ya kiwango hicho. Mimi huamini kwamba wengi wa hao walikwama mapema, pengine kwenye silabi, wala hakuna aliyewasikiliza wakisoma peke yao.

Kwenye silabi ndiko ningekaa muda mrefu kuliko kwingine kokote. Karibu kila mtoto hujua ba, be, bi, bo, bu. Kinachowaangusha ni konsonanti zinapoambatana, kama katika mbwa, ng'ombe, anakunywa, kuvunjwa, lilifungwa. Angalia utaona kwamba baadhi ya hizo, kama kuvunjwa na lilifungwa, hutokana na kauli ya kutendwa, kwa hiyo badala ya kuzifundisha kama orodha ya sauti ngumu, chukua kitenzi ambacho mtoto anakisema kila siku, funga, kisha mwonyeshe namna kinavyokuwa fungwa, halafu fanya vivyo hivyo kwa vunja na osha. Kadi za kuandikia maneno hayo unaweza kuzikata kwenye maboksi ya sabuni, hazihitaji fedha.

Baada ya silabi yanakuja maneno marefu, na hapa Kiswahili kina ugumu wake ambao walimu wengi hawautaji. Tahajia yetu ni nyepesi, lakini neno moja hubeba sentensi nzima: hawakumwambia, watakapowasili, alimpelekea. Mtoto anayesoma silabi kwa silabi akifika mwisho wa neno kama hilo huwa amekwisha kusahau mwanzo wake, ndiyo maana kasi ya kusoma hupimwa pamoja na usahihi. Mzoeze kuviona viungo vya neno: a-li-m-pelekea, wa-li-m-pelekea, ha-wa-ku-m-pelekea. Dakika chache kila asubuhi zinatosha, mradi zisikosekane.

Usiache ufahamu usubiri mpaka wote wasome vizuri. Waandikie sentensi kama hii: "Mama alimtuma Neema dukani akanunue chumvi, lakini duka lilikuwa limefungwa." Uliza nani alitumwa, nawe utashangaa ni wangapi watajibu "Mama", kwa sababu ndilo neno la kwanza. Kisha uliza kama chumvi ilipatikana, na umtake mtoto akuonyeshe kwa kidole ni wapi panapomwambia hivyo.

Kuhusu kuandika, toa imla fupi mara kwa mara, na usahihishe pamoja nao siku ile ile. Makosa utakayoyaona ni yale yale: "ana soma" kwa kutenganisha, "kwasababu" kwa kuunganisha, "buzi" badala ya mbuzi, na jina la mtu lisilo na herufi kubwa. Huku kwetu watoto wengi waliokulia katika Kikurya huandika "kura" wakikusudia kula. Pengine huko kwenu ni sauti nyingine. Mtoto wa namna hiyo ameandika kile anachokitamka, kwa hiyo mwanzishie kwenye kusikia na kutamka kabla ya kurudi kwenye daftari, nawe utamke imla taratibu na kwa ukamilifu.

Jambo la mwisho linaniuma, nami nalisema waziwazi. Utamsikia mtu akikushauri kwamba siku ya upimaji wale wasiojua kusoma wabaki nyumbani ili wastani wa shule usishuke. Usikubali, hata ushauri huo utoke kwa mkubwa wako. Upimaji huu umewekwa ili wale wasiomudu waonekane na wasaidiwe, na mtoto anayefichwa leo atakabidhiwa kwa mwalimu wa Darasa la Tatu kana kwamba anasoma. Afadhali ubadilishane darasa na mwenzako kwa siku chache, ili watoto wazoee kusoma mbele ya mtu wasiyemzoea, maana wapo wanaojua kabisa lakini hunyamaza kwa woga.

Nitumie imla za watoto wawili au watatu waliokwama zaidi, bila kuzisahihisha, nizitazame kisha nikuandikie ningeanzia wapi kwa kila mmoja. Wasalimie wote hapo shuleni.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu mwenzako wa Tarime